Dekha Ibrahim Abdi: kwa nini amani ya Wajir ilianzia sokoni na si kwa wazee

Ukitaja Wangari Maathai hapa Mombasa kila mtu anajua unamzungumzia nani. Ukitaja Dekha Ibrahim Abdi, mpatanishi wa koo za Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, wengi watakuuliza "nani tena huyo?", na ajabu yake Dekha ndiye aliyekuwa akiishi huku kwetu. Wote wawili walipata tuzo moja, Right Livelihood, ile ya Sweden ambayo watu wameizoea kuiita Nobel mbadala, Wangari mwaka 1984 na Dekha mwaka 2007. Lakini Wangari akaja akapata na Nobel yenyewe 2004, halafu miti aliyoipanda inaonekana, waweza kuiegemea ukapiga nayo picha, amani ya Wajir haipigiki picha.

Na wale wanaomjua nao wengi wanamjua kama "mama wa amani", basi, imeisha hapo. Ukisikia hivo unapata taswira ya mama mpole na mtandio wake akiwasihi watu waache kupigana, watu wakalia, wakakumbatiana. Hio picha mimi siipendi manake inaficha kazi yenyewe. Alichofanya Dekha na wenzake kilikuwa kazi ya kupanga: nani aitwe mwanzo, nani akae wapi, nani afungue mdomo kabla ya nani, na ukiivuruga hio foleni mambo hayawi. Nataka niieleze polepole, kwa sababu hizi kamati za amani unazozisikia karibu kila kona ya Kenya nasaba yake inarudi Wajir, na nyingi zimechukua jina zikaiacha foleni.

Lazima tuanze na Wajir yenyewe, hakuna njia ya mkato hapa. Tangu enzi za Mngereza kule kaskazini, NFD (Northern Frontier District) kama kulivoitwa, kulikuwa kama nchi ya pembeni yenye sheria zake. Uhuru ulipokaribia Wasomali wengi wa huko walitaka kujiunga na Somalia, serikali mpya ikakataa, mwisho wa 1963 ikatangaza hali ya hatari, vikafuata vita vya shifta, yaani wapiganaji waliotaka kujitenga, mpaka 1967. Vita vikaisha, hali ya hatari haikuisha, zile sheria zilikaa mpaka 1991. Sasa Dekha alizaliwa 1964, piga hesabu mwenyewe, mtu amekua, amesoma, amekuwa mtu mzima, na hajawahi kuishi siku moja kwao chini ya sheria za kawaida ambazo sisi watu wa Pwani tulikuwa tukizilalamikia!

Na katikati hapo kuna Wagalla. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa, wengi hawakurudi. Kwa miaka serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya ukweli na maridhiano ilipotoa ripoti yake 2013 ikasema ni karibu 1,000, na walionusurika wanasema ni zaidi ya hapo. Shikilia hilo jina, Wagalla, tutalirudia.

Basi ikaingia 1991, serikali ya Siad Barre ikaanguka Somalia, bunduki zikavuka mpaka na wakimbizi pia, ukame juu yake, halafu Desemba 1992 uchaguzi wa vyama vingi. Viti vya ubunge, visima na malisho vikawa vita moja, Ajuran, Degodia na Ogaden wakaingiana. Na ule ni mfumo wa ukoo, mtu akiuawa hatafutwi aliyeua, atakayeonekana kwanza wa upande ule ndo analipa, iwe ni mwalimu, mchuuzi, mgonjwa anatoka hospitali, hawajali.

Kuna kisa ambacho Dekha mwenyewe alikuwa akikisimulia. Usiku mmoja mapigano yamechacha, risasi zinalia nje, akamchukua binti yake wakaingia uvunguni mwa kitanda wakalala humo mpaka asubuhi. Kulipokucha mamake Dekha akawa amekasirika, akamwambia mimi nami nilijificha hivi hivi na wewe mikononi, miaka ya sitini. Kisa hiki husimuliwa kwa huruma, mimi kila nikikisikia nakiona kama hesabu tu: vizazi vitatu, uvungu mmoja.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye mazungumzo ya wanawake harusini. Wanawake wachache wa koo tofauti wamekutana, wengine ni waajiriwa, wamesoma, wanajuana, wakaanza kuulizana hii hali mpaka lini. Kabla hawajaunda kitu chochote, kabla ya jina wala mwenyekiti, waliwekana sawa kwa swali moja gumu: kesho ukoo wangu, ndugu zangu wa damu, wakiwa ndio waliowaua ndugu zako, utanitoa kwenye hii kazi ama tutaendelea pamoja? Yaani hawakuanza na "sisi sote ni kitu kimoja". Walianza kwa kukubali kwamba jambo baya zaidi litatokea, na pengine litatoka kwa mtu wangu, na wakaamua mapema watafanya nini siku hio. Mimi naona hapo ndo penye akili yote. Kamati ngapi tumeziona zinaundwa kwa maneno matamu, kisha anauawa mtu mmoja na kila mwanachama anarudi kwao kimya kimya na simu hashiki?

Kisha wakaenda sokoni, na hapa nataka nikae kidogo manake watu huipita hii sehemu haraka wakimbilie wazee na maazimio.

Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika kama mji ulivogawanyika. Mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wa ule, hanunui kwake, na ugomvi unazukia hapo hapo kwenye maziwa na mboga. Sisi huku tufikirie tu soko letu la Kongowea, uamke asubuhi mama Mgiriama hamuuzii Mkamba na Mkamba hapitishi gunia kwa Mswahili, mji ungekaa siku ngapi? Wale kina mama wakaunda kamati ya soko yenye wanawake wa koo zote, wakaweka waangalizi ndani ya soko, na kanuni ikawa moja: mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aje auze na anunue kwa usalama. Kukiwa na mtu anamfanyia mwenzake ubaya linaripotiwa na linashughulikiwa kabla halijakua.

Kwa nini soko kwanza? Kwa sababu soko ndo mahali pekee ambapo wao walikuwa na mamlaka. Kwa mila za Kisomali mwanamke haketi kwenye kikao cha wazee kuamua damu na diya, yaani fidia ya aliyeuawa, wangekwenda moja kwa moja kwa wazee wangeambiwa rudini mkapike. Lakini soko ni lao, hakuna mzee wa kuja kuwaambia namna ya kupima maziwa. Halafu kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana, vita vya koo vinaishi kwa habari, "wameanza tena", "wamempiga mke wa fulani", na habari hizo kituo chake kikuu ni soko. Ukilituliza soko umekata barabara ya uvumi. Na soko likitulia kila mtu anaona, mume anaona mkewe ameenda kurudi na hakuna kilichompata, huo ni ushahidi, si mahubiri.

Sasa wakiwa na kitu mkononi ndo wakaenda kwa wazee. Tatizo la kuwakutanisha wazee wa koo kubwa ni kwamba kila mmoja anakuja na orodha ya wafu wake, na anayefungua kikao ni kama ameshashinda nusu ya kesi. Basi kina mama wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo kabisa, ukoo ambao haumo vitani, awe ndiye wa kusema mwanzo. Na yule mzee akauliza maswali ambayo mzee wa ukoo mkubwa asingeweza kuyauliza bila kushukiwa: tunapigana kwa nini, na anayefaidika ni nani, maana sisi tunaisha. Lingetoka kwa Ogaden ama Degodia ingeonekana ni ujanja wa kisiasa, limetoka kwa mtu asiye na bunduki wala kiti cha ubunge cha kugombania, hakuna pa kumshikia.

Septemba 1993 wazee wa koo zote wakatia saini Azimio la Al-Fatah, kanuni za namna ya kurudi kwenye amani na namna ya kuishi baadaye. Vijana wakafuatwa, wale wenye bunduki hasa, na wafanyabiashara wakaombwa wachangie ili kijana akiweka silaha chini awe na cha kufanya, manake kumwambia kijana "acha bunduki" halafu umwache na njaa yake ni mchezo. Wakafuatwa wabunge, akafuatwa DC, mkuu wa wilaya. Wakaunda vikundi vya dharura, kukitokea tukio huko vijijini mzee, mama, kiongozi wa dini na ofisa wa usalama wanaingia gari moja wanakwenda pamoja. Nadhani waona uzito wake. Hii ni Wajir ya Wagalla, miaka kumi tu imepita, na mzee anapanda gari na askari. Mwaka 1995 kundi lote likaingizwa ndani ya mfumo wa serikali wa maendeleo wa wilaya, likawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir.

Kwa hivo foleni ni hio: wanawake sokoni, kisha wazee, kisha vijana na wenye pesa, serikali mwisho. Leo sisi tunaanza na serikali.

Lakini nisikupambie. Kuna fundo mbili humu ambazo watetezi wa haki za binadamu wamezishika muda mrefu, na mtu akizificha amemfanya Dekha malaika, na malaika hatufundishi kitu.

Ya kwanza ni diya. Kwa mila ya xeer, sheria ya kimila ya Wasomali, mwanamume akiuawa fidia yake ni ngamia 100, mwanamke 50. Fidia inalipwa na ukoo, si na muuaji peke yake. Faida yake yaeleweka, ukoo ukijua utalipa utawashika vijana wake shingo, na familia ya marehemu inapata kitu badala ya kungoja mahakama iliyo mbali na isiyoaminika. Hasara yake nayo yaeleweka, muuaji anatembea. Na hio 50 kwa 100, jamani, wanawake ndio waliolituliza soko, ndio waliowaleta wazee mezani, halafu mila ile ile wanayotegemea wazee kumaliza mambo inamhesabu mwanamke nusu! Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaruhusu njia za jadi za kumaliza migogoro, ila zisikiuke haki za kimsingi, na ukiisoma hio sentensi ukiwa Wajir unaona imeacha swali palepale. Maoni yangu mimi, 1993 hapakuwa na mahakama ya kungojea, kungoja kungekuwa ni kuzika tu. Lakini dharura ya 1993 kuifanya ndo utaratibu wa kudumu ni jambo jingine, na wanaosema hivo si maadui wa amani.

Ya pili ni Wagalla, nilisema tutarudi. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipolipuka, watu 1,133 wakafa kwa hesabu ya tume ya Waki iliyochunguza vurugu zile, Dekha alikuwa miongoni mwa watu watano waliokutana Nairobi haraka sana kuanzisha Concerned Citizens for Peace, wengine wakiwa Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazarus Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande na George Wachira. Wakawa wanakutana kila siku hotelini Serena, mlango wazi kwa raia, wakisukuma viongozi wakubali kuongea mpaka yale makubaliano ya Kibaki na Raila ya Februari 28, 2008 chini ya Kofi Annan. Sasa ngoja. Kiplagat huyo huyo baadaye akateuliwa kuongoza tume ya ukweli, ndipo watu wakapiga kelele, kwamba Februari 8, 1984, siku chache kabla ya Wagalla, alikuwa kwenye kikao cha maofisa wa serikali huko Wajir. Yeye alikana kwamba kikao kile kilipanga operesheni ile, akakaa pembeni kwa muda wakati mambo yanachunguzwa.

Kwa hivo waona mwanamke wa Wajir amekaa meza moja kuokoa nchi na mtu ambaye watu wa Wajir walikuja kumdai majibu. Wengine wanaona hapo Dekha alikosea, ama watu wa amani kwa jumla ndo walivo, hupatanisha mpaka haki ikasahaulika. Mimi naona ni lile swali la harusini limerudi kwa ukubwa wa nchi, utanitoa au tutaendelea? Ila swali lile liliulizwa baina ya wanawake walio sawa, kila mmoja angeweza kufiwa. Kati ya raia wa Wajir na serikali hakuna usawa huo, upande mmoja ulizika. Ndo maana kwa Wagalla upatanishi peke yake hautoshi, majina na majibu bado yanadaiwa.

Baina ya Wajir na Serena kuna miaka mingi naipita mbio: alikwenda Uingereza akafundisha Birmingham na shirika la Responding to Conflict, alikuwa kati ya walioanzisha Coalition for Peace in Africa, akafundisha watu wa nchi nyingi, akapata na tuzo ya amani ya jimbo la Hessen, Ujerumani, 2009. Alikuwa Muislamu wa dhati, na dini hakuiacha mlangoni akiingia kazini, ila hakuitumia kumfungia mtu mlango pia. Makazi yake yakawa Mombasa.

Mwaka 2001 serikali ikaunda kamati ya taifa ya kusimamia mambo ya ujenzi wa amani, na baada ya 2008 ikaonekana kamati za amani ziwe kila wilaya. Wazo zuri. Lakini kilichonakiliwa ni muundo, wazee kadhaa, kina mama kadhaa, vijana kadhaa, mlemavu mmoja, DC mwenyekiti ama mlezi. Kikao kikiitishwa swali la kwanza ni alawansi. Nami siwalaumu wanachama, mtu ametoka Mtongwe kwa nauli yake ataachaje kuuliza, lakini kamati ambayo haiwezi kukutana bila mfadhili siku ya fujo itakutana vipi, manake fujo haitoi taarifa ya wiki mbili wala haina bajeti ya ukumbi na sambusa.

Na sisi tunayo historia yetu hapa. Agosti 1997 Likoni iliwaka, kituo cha polisi kikavamiwa, askari wakauawa, watu wa bara wakafukuzwa majumbani kwa maelfu, na uchaguzi ulikuwa Desemba mwaka ule ule. Lile swali la yule mzee wa ukoo mdogo, anayefaidika ni nani, Likoni lilikuwa na jibu ambalo kila mtu barazani alilinong'ona. Baadaye tukapata mashirika ya haki, tukapata baraza la viongozi wa dini la CICC, wamefanya kazi kubwa na sitaki kuwavunjia heshima. Ila tazama foleni yetu: masheikh na maaskofu, mkuu wa usalama, wanasiasa, kisha kina mama wanaalikwa kuimba. Yule mama wa samaki pale ferry, anayesikia kila uvumi unaovuka kutoka kisiwani kwenda ng'ambo saa kumi na moja alfajiri, nani amewahi kumuuliza jambo?

Dekha alifariki Julai 2011, siku chache baada ya ajali ya barabarani akielekea Garissa, ajali iliyomuua na mumewe. Alikuwa na miaka 47 hivi.

Hakuiona ugatuzi, na ugatuzi umeigeuza ile kazi kwa namna ambayo nadhani ingemkera. Kuanzia 2013 kaunti zina pesa, kiti cha gavana kina thamani kuliko kisima chochote, na 2014 mpaka wa Wajir na Mandera ukawaka tena, safari hii Garre na Degodia, watu wakauawa na maelfu wakahama. Dawa iliyoletwa ni wazee kukaa kabla ya uchaguzi wakagawana viti, ukoo huu gavana, ule seneta, huyu mbunge, wanaita demokrasia ya maelewano. Inapunguza vita, hilo sikatai, na ukiuliza wazee watakwambia ndo urithi wa Al-Fatah. Lakini mle chumbani mwanamke hamna. Wale waliolianza jambo sokoni walikaa nyuma 1993 kwa makusudi ili wazee wakubali kuongea, na ile nyuma ikageuka ndo kiti chao cha kudumu. Wanaachiwa kile kiti cha mwakilishi wa wanawake ambacho sheria yenyewe imekitenga, vingine "havijafika zamu".

Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge katika kaskazini mashariki nzima ni Sophia Abdi Noor, Ijara, kaunti ya Garissa, mwaka 2017. Toka Al-Fatah mpaka hapo ni miaka 24.